Sura ya Saba: Mipangilio ya Ferista

Koplo Brayson aliamini kesi imeisha, na Koplo Brayson akishaamini jambo huwa hana breki. Asubuhi hiyo ya Jumamosi alilibwaga jalada mezani kwa Sajini Marita Haonga, akasimama pembeni mikono kiunoni, anangoja kusifiwa.

"Jumatatu saa mbili yule mpiga chapa Ferista anapandishwa gari la mahakamani Vwawa, anasomewa shtaka," alisema. "Mimi nimeshamaliza, afande."

"Umemaliza wewe. Jalada bado," Marita alimjibu, akavuta kiti.

Wacha niwaeleze kidogo kuhusu huyu mama, maana Tunduma nzima wanamfahamu, ila wanamfahamu vibaya. Wanasema ni mkali. Si mkali, ni msomaji. Miaka kumi na minne ya upelelezi, kuanzia Mkwajuni kwenye kesi za machimbo hadi hapa mpakani, na hakuna jalada lake hata moja lililowahi kurudishwa na mwendesha mashtaka kwa kukosa kitu. Kwa hilo alijitamba waziwazi, tena mbele ya wakubwa, na nani wa kumnyamazisha? Jalada la Brayson alilisoma mara mbili, mara ya pili akianzia mwisho.

Mambo yenyewe yalikuwa haya. Alhamisi, saa tatu na nusu asubuhi, lori lenye tela, limesheheni matairi mapya ya kwenda Zambia, lilitoka kwenye yadi ya mzee Amoni Silwimba, wakala wa forodha. Lori hilo lilikuwa limezuiwa, karatasi zake hazijakamilika. Mlinzi wa geti, Luhaga, aliliachia kwa sababu dereva alimpa barua ya ruhusa iliyopigwa chapa safi, ina kichwa cha ofisi na muhuri. Barua ilikuwa ya uongo. Jioni lori lilikutwa njia ya Sumbawanga, tupu, dereva hayupo. Brayson alipofungua kompyuta ya yadi aliikuta barua ileile humo ndani, imehifadhiwa Alhamisi, 03:14.

"Saa tisa na robo usiku," Brayson alisema, akiweka kidole juu ya karatasi. "Funguo za ofisi ya yadi ni tatu. Ya mzee Amoni alikuwa nayo Mbeya, alilala huko. Ya karani wa yadi, mzee Emanueli, inaachwa kwa mlinzi kila jioni. Kitabu cha getini kinasema ameichukua Alhamisi saa mbili asubuhi. Inabaki ya Ferista, yeye hulala nayo. Mlinzi amekiri kwamba usiku ule alisinzia. Na barua, afande, ni ya Ferista kabisa. Pambizo zake, herufi zake, tarehe anaiweka kulia vilevile. Ofisi nzima wameniambia."

"Walimwona akiiandika?"

"Hapana, lakini—"

"Basi waliona pambizo. Niletee huyo binti."

Ferista Simkoko aliletwa miguu mitupu, kwa sababu viatu vilibaki kaunta tangu Ijumaa alipotiwa mahabusu. Alikuwa na miaka ishirini na sita, mzaliwa wa Ndalambo, mpiga chapa wa mzee Amoni kwa mwaka wa nne. Macho yalikuwa mekundu lakini kichwa hakikuinama.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Kaa. Barua hii ni yako?"

"Pambizo ni zangu," Ferista alisema. "Mikono si yangu."

Brayson aliguna. Marita alimnyooshea kalamu, maana yake funga mdomo.

"Nieleze kama unavyomweleza mtu wa kijijini kwenu."

Ferista alivuta pumzi. "Mzee Amoni ana kompyuta tatu: ya mjini, ya yadi na ya Mlowo. Zote nazihudumia mimi. Mwanzoni niliteseka. Huku printa inakata mstari wa mwisho, kule herufi ni za aina nyingine, Mlowo nikitaka kichwa cha ofisi hakipo. Nusu ya siku napanga kompyuta, nusu ndiyo nafanya kazi. Nikasema hapana. Mipangilio yote hiyo, afande, ni mafaili tu, yanakaa kwenye folda kama nguo sandukuni. Nikayatafuta moja moja, nikayaweka kwenye flashi yangu, nikaandika amri ndogo. Sasa nikifika kwenye kompyuta yoyote nachomeka flashi, naiendesha ile amri. Inalinganisha: faili lipi ni jipya, la kwenye flashi au la kwenye kompyuta? Jipya linakwenda kuchukua nafasi ya la zamani. La zamani silitupi, nalihifadhi kando. Dakika moja, kompyuta zote tatu zinanijua."

"Nani alikufundisha?"

"Hakuna. Niliharibu, nikaandika nilivyoharibu, nikarudia."

Hapo sauti yake ilipanda kidogo. Hata humo ndani, hana viatu, kazi yake ilimvimbisha kifua, na Marita alilipenda hilo.

"Kwa hiyo mtu yeyote akikaa kwenye kompyuta ya yadi akaandika barua..."

"Inatoka kama yangu. Ndivyo nilivyotaka, barua za ofisi zote zifanane. Mzee Amoni mwenyewe alinisifia mbele za watu."

"Sasa hiyo amri yako inajuaje lipi jipya?"

"Kwa saa ya kompyuta. Ndiyo maana saa naichunga kuliko kitu chochote. Ile ya yadi betri yake ya ndani imekufa. Jioni wakizima ukutani, asubuhi inaamka inasema ni Januari ya mwaka elfu mbili na mbili. Anayeiwasha wa kwanza lazima aiwekee tarehe na saa, la sivyo programu ya forodha haifunguki. Mimi nikifika, hata kama mtu ameshaiweka, naihakikisha kwa simu yangu na kuandika kwenye daftari."

"Daftari lipi?"

"Liko kwenye flashi. Na flashi mnayo nyinyi."

Brayson aliangalia dari. Flashi ilikuwa kwenye bahasha ya vitu vya mahabusu, pamoja na hereni na kitambaa cha kichwa, na hakuna aliyekuwa ameifungua. Marita hakumkaripia. Alimtazama tu, na kwa Brayson hilo lilikuwa baya zaidi.

Waliifungua kwenye kompyuta ya kituo, Marita akiendesha, Brayson akiandika kila hatua na saa yake, Ferista akiwa mita mbili kutoka mezani ili asije mtu kusema kaigusa. Daftari lilikuwa na mistari ya miaka mitatu. Ya Alhamisi ilikuwa miwili:

Mjini 08:55. Saa sawa. Hakuna jipya.

Yadi 10:12. Saa ilikuwa 04:09, nimeweka 10:09. Mipangilio imebadilika yadi (03:21), nimeichukua. Ya zamani iko kando.

Marita alisoma mstari wa pili kwa sauti, polepole. "Ulifika yadi saa nne na dakika tisa asubuhi. Kompyuta ikadai ni saa kumi usiku."

"Ndiyo, afande. Niliirekebisha kama kawaida, sikuwaza zaidi. Koplo hakuniambia barua ni ya saa ngapi. Aliniambia usiku, basi."

"Tarehe ilikuwa Januari?"

"Hapana. Tarehe ilikuwa sawa. Saa tu ndiyo ilikuwa nyuma."

"Basi kuna mtu aliiwekea tarehe sahihi kwa mkono wake, asubuhi ileile, na saa akaikosea." Marita alichukua kipande cha karatasi akaandika namba mbili, moja chini ya nyingine, akatoa. Sita. Sita kamili, hakuna dakika iliyozidi wala kupungua. Aliitazama ile sita, kisha akaanza kutabasamu. "Brayson, ongeza sita kwenye saa ya barua."

"Saa tatu na dakika kumi na nne asubuhi," Brayson alisema. Robo saa baadaye lori lilikuwa limetoka getini.

Saa tatu na robo ya Alhamisi Ferista alikuwa wapi? Ofisi ya mjini. Marita alimpigia simu Judith, mpokea wageni wa pale, bila kumwambia jibu analolitaka. Judith alisema Ferista alikaa naye kuanzia saa mbili hadi saa nne kasoro, wakapanga nyaraka za magari matano pamoja, na wateja wawili walikuwepo. Akawataja.

Lakini Brayson naye si mjinga, tumpe haki yake. "Afande, daftari kaliandika mwenyewe. Mwendesha mashtaka atasema saa 04:09 kaitunga jana."

"Umesema vizuri, na ndiyo maana hatujamaliza. Ferista, hapa umeandika mipangilio imebadilika. Nini kilibadilika?"

"Sijui. Nilichojua ni kwamba mchana ule kila nilipofungua barua herufi zilijaa skrini nzima. Nikadhani kirusi. Nikazipunguza."

Marita alichapisha mafaili yote mawili, la zamani lililowekwa kando na lile la saa 03:21. Kurasa sita kwa sita. Aliziweka sambamba, akashika rula, akaanza kushuka mstari kwa mstari, kalamu nyekundu mkononi. Brayson alileta chai ikapoa. Ukurasa wa kwanza hakuna tofauti, wa pili hakuna, wa tatu hakuna. Ukurasa wa nne rula ilisimama. Ukubwa wa kuonesha maandishi kwenye skrini: huku mia moja, huku mia mbili.

"Tulilo nalo ni hili," Marita alisema, akiinuka na kunyoosha mgongo. "Mtu aliyekuwa yadi saa tatu asubuhi. Haoni vizuri herufi ndogo. Na saa yake iko nyuma masaa sita."

"Dennis," Brayson alirukia. Dennis alikuwa mhesabu mizigo wa yadi, kijana mwenye ndugu Nakonde, ng'ambo ya mpaka, anaongea Kibemba na madereva kuliko Kiswahili. "Simu yake inashika mtandao wa ng'ambo. Kila siku anachelewa kazini kwa sababu ya saa za Zambia."

"Zambia ni saa moja. Tunatafuta sita," Marita alisema. "Lakini na yeye awepo."

Saa nane mchana walikuwa yadi. Mzee Amoni Silwimba aliwapokea mlangoni, mtu mfupi mwenye suti ya kaunda, amekonda kwa siku mbili hizo. Hasara ya matairi ilikuwa imemfika kooni, na alitaka mtu afungwe, yeyote. Marita aliomba mambo mawili: kompyuta izimwe ukutani, na watu watatu waliokuwa yadi Alhamisi asubuhi, ukimtoa mlinzi wa geti, wasimame nje, waingie mmoja mmoja.

"Na mimi?" mzee Amoni aliuliza. "Nilirudi kutoka Mbeya alfajiri ile, afande. Nimeibiwa mimi."

"Na wewe, mzee wangu. Tena ndiye unayeanza."

Zoezi lilikuwa jepesi. Washa kompyuta, weka tarehe na saa, andika jina lako na kazi yako, hifadhi. Brayson alikaa kona akiandika. Mzee Amoni alitoa simu mfukoni, akaiangalia, akaandika 14:20. Jina lake alilipiga kwa kidole kimoja, akatoka akinung'unika. Marita alizima ukutani, Dennis akaingia na kuiwasha.

Dennis alichukua simu yake, akaandika 13:24 bila kusita.

"Hiyo saa umeitoa wapi?"

"Kwenye simu, afande. Ah." Aliiangalia tena. "Imeshavuka mpaka hii. Samahani." Aliandika jina haraka, herufi ndogo kama zilivyo, hakuongeza kitu. Brayson alijikuna kisogo na kufuta jina moja kwenye karatasi yake.

Wa tatu alikuwa mzee Emanueli Sichone, karani wa yadi. Miaka hamsini na nane, shati limepigwa pasi, kalamu mbili mfukoni, na saa ya mkononi ya mnyororo aliyopewa na tajiri wake wa zamani kule Mbeya. Marita alimwamkia shikamoo, na yeye akaitikia marahaba kwa utulivu wa mtu anayejua anaheshimika. Alikaa, akavuta kiti mbele, akasogeza uso karibu na skrini. Akakunja mkono wa shati. Akaitazama saa yake.

Akaandika 08:28.

Marita hakutikisika. "Saa hizi ni saa ngapi, mzee?"

"Saa nane na dakika ishirini na nane," mzee Emanueli alisema, akamwonesha mkono. Ni kweli, mshale mfupi ulikuwa umepita nane. Saa yake aliitega kwa hesabu ya nyumbani, jua likichomoza ni saa kumi na mbili, hakuna kugeuzageuza. "Na haijawahi kudanganya, binti yangu. Miaka kumi na tisa."

"Kompyuta yenyewe ikitaka uandike kumi na nne?"

"Kumi na nne ni saa gani hiyo? Watu wanajitia uzungu. Mimi nikiona nane naandika nane, na programu inafunguka vizuri tu."

"Umewahi kuiwekea saa hii kompyuta kabla ya leo?"

"Mara nyingi. Nikifika kabla ya yule binti."

"Endelea, mzee. Andika jina."

Alifungua ukurasa, akakunja uso, akapeleka kidole kwenye kitufe cha juu. Herufi zikakua. Akabonyeza tena, zikajaa skrini. Pembeni iliandikwa mia mbili. Ndipo akaanza kuandika EMANUELI, kila herufi kubwa kama kiganja, na hadi hapo alikuwa mtulivu kabisa.

Marita aliweka karatasi mbili juu ya meza, moja baada ya nyingine. "Hii ndiyo mipangilio ya kompyuta hii Alhamisi asubuhi, ulipotoka hapo ulipokaa. Soma nilipopiga mstari mwekundu. Na hii ndiyo saa iliyokutwa humu siku hiyo. Masaa sita nyuma, kama ulivyoiweka sasa hivi mbele ya koplo. Barua iliandikwa saa tatu na dakika kumi na nne ya mkononi mwako. Ufunguo uliuchukua saa mbili, umesaini. Muhuri unakaa kwenye droo yako. Mimi siulizi kama ni wewe, mzee Emanueli. Nauliza matairi yako wapi."

Nje lori lilipiga honi getini, Luhaga akalifungulia. Mzee Emanueli aliitazama saa yake kana kwamba ndiyo iliyomsemea, akaishusha mikono mapajani.

"Sikumsingizia," alisema kwa sauti ya chini. "Sikulitaja jina lake hata mara moja. Koplo ndiye alisema usiku."

"Na wewe ukanyamaza."

"Nikanyamaza."

"Tangu jana mtoto wa mwenzio analala sakafuni, na wewe unapiga shati pasi unakuja kazini." Marita alihisi hasira ikimpanda na hakuificha. "Matairi yako wapi?"

"Chapwa. Kwa shemeji yangu Kefa, kwenye banda la mahindi. Dereva naye yuko hukohuko."

Brayson alishatoka kabla sentensi haijaisha. Mzee Amoni alikuwa amesimama mlangoni, amesikia yote, na mdomo ulikuwa wazi. Alianza kusema kwamba yeye tangu mwanzo hakuamini, kwamba Ferista ni kama binti yake. Marita alimkatisha.

"Ijumaa ulisaini maelezo kwamba ni yeye. Ninayo sahihi yako. Nenda kamwambie hayo mwenyewe, na usimwambie pembeni."

Saa kumi na moja jioni habari ilikuwa imekwishaingia kituoni kabla ya Marita na Brayson kurudi, kama habari za Tunduma zilivyo. Benchi la kaunta lilijaa: madereva wa bodaboda waliokamatiwa pikipiki, mama wawili wa sokoni, kijana aliyepotelewa na kitambulisho. Mbele yao alisimama mwanamke mrefu mwenye vumbi la safari hadi kope, kapu mkononi, ndani yake blanketi na sabuni. Alikuwa Ketrina Simkoko, mama yake Ferista, ametoka Ndalambo kwa magari mawili. Alileta vitu vya mtu anayekwenda jela.

Ferista alikuwa amesharudishiwa hereni na viatu. Alimkumbatia mama yake, wakalia kidogo. Marita akampa mama mkono.

"Mama, mwanao yuko huru. Hana kosa. Mnaweza kwenda."

Ketrina hakuondoka. Aliweka kapu chini.

"Afande, jana nilipigiwa simu nikiwa kwenye msiba, watu wote wapo. Nikaambiwa kwa sauti, mwanao ni mwizi. Nimekuja ndani ya gari, kuna watu wananijua, hakuna aliyenisemesha. Mimi sijui kusoma. Hayo mliyoyaandika leo, nisomee. Hapahapa, wasikie na hawa."

Hakuna kanuni ya polisi inayoruhusu hivyo, na Marita alikuwa mtu wa kanuni. Alitazama benchi, akamtazama Brayson, ambaye safari hii aliinamisha macho. Kisha akafungua jalada juu ya kaunta, akasafisha koo, na kusoma maelezo ya shahidi Ferista Simkoko tangu mstari wa kwanza. Alisoma kompyuta tatu, flashi, folda, amri, daftari la miaka mitatu. Alisoma jinsi mstari mmoja wa daftari hilo ulivyowaonesha polisi saa ya kweli ambayo wao wenyewe hawakuiona. Mmoja wa bodaboda alivua kofia, sijui kwa nini.

Marita alipomaliza, Ketrina aliinua mkono.

"Kuna mahali umepita haraka. Pale ulipomuuliza nani alimfundisha. Rudia."

Sajini Marita Haonga alirudisha kidole juu, akapaona, akasoma kwa sauti ya kusikika hadi barabarani: "'Hakuna. Niliharibu, nikaandika nilivyoharibu, nikarudia.'"

Ketrina alitikisa kichwa kukubali. Alimshika mwanawe mkono, akaligeukia benchi, na kuwatazama watu wale mmoja mmoja, bila haraka, hadi alipohakikisha wote wamesikia.